Kifua cha Kasimiri

Mtaani kwetu Mwembesongo mafundi tumejaa. Wa baiskeli ni mimi, Halidi. Yupo wa magodoro, yupo wa redio, na yupo mmoja anajiita fundi simu ambaye kazi yake kubwa ni kukushauri ununue nyingine. Lakini fundi anayefanya kazi kwa kifua chake mwenyewe, bila spana wala bisibisi, tulikuwa naye mmoja tu. Mzee Kasimiri. Ni jirani yangu, kati yetu kuna ua wa mabati ambao yeye akikohoa na wenyewe unaitikia.

Kazi yake ilikuwa hivi. Ukitengeneza mvinyo wako nyumbani, wa maua ya choya au wa matunda ya plamsi, unamletea chupa. Ananusa. Anapiga funda moja. Anafumba macho kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari kwenye redio ya jirani. Halafu anakupa jibu kwa kipimo chake mwenyewe, viberiti. "Kiberiti kimoja," maana yake dawa ya kuhifadhi imo kidogo, kauze. "Viwili," punguza mkono safari ijayo. Vikifika vitatu hasemi kitu, anakohoa, unahesabu mwenyewe.

Anaita viberiti kwa sababu dawa yenyewe ikizidi kwenye mvinyo inanuka kama njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi. Ni unga mweupe, akina mama wananunua dukani kwa Natwarlal mjini, unatiwa kiduchu ili mvinyo usigeuke siki. Watu wengi hata ikizidi hawajui, wataona tu koo linawasha. Mwenye pumu anajua. Na Kasimiri pumu anayo ya kutosha kugawia kata nzima.

Mimi mvinyo sinywi, dini yangu haitaki. Lakini kuchungulia juu ya ua sijakatazwa mahali popote.

Kasimiri si mtu wa mjini. Alishuka kutoka Mgeta, huko juu milimani ambako mawingu yanaingia ndani bila kupiga hodi, na hakushuka kwa kupenda. Sisi Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Mwanamume ukioa unaweza kulima shamba la ukoo wa mkeo mpaka nywele ziwe nyeupe, na kila mti uliopanda umepanda kwao. Yeye alipanda miplamsi arobaini kwa mkewe, Pelagia. Mtoto hawakujaaliwa. Pelagia alipofariki na matanga yakaisha, watoto wa dada wa marehemu walikuja na adabu zote, wakaketi, wakanywa uji, wakamwambia, "Baba mkubwa, hakuna anayekufukuza."

Yeye mwenyewe alinisimulia hilo huku akicheka. "Halidi, waliposema hakuna anayekufukuza, nikaanza kutafuta kamba ya kufungia godoro."

Akashuka na godoro, koti zito la baridi, picha ya ndoa, na friji la Pelagia. Hilo friji lina habari yake. Pelagia alikuwa akiuza barafu za ukwaju kwa watoto wa shule. Mgeta! Mahali ambapo mwezi wa saba watu wanaota moto na koti juu, na maji ya bomba yanauma meno. Watu walimcheka, na watoto walizinunua. Kasimiri alisema kila jioni mkewe alikuwa anapiga ubavu wa friji kama anavyopigwa ng'ombe aliyetoa maziwa vizuri. Na friji lenyewe lilikuwa linanguruma kweli. Hata upande wangu wa ua nilikuwa nalisikia.

Sasa huo ufundi wa kifua ulianzaje? Ulianza na Chausiku. Huyu ni mama wa hapa hapa mtaani, mwili mkubwa, sauti kubwa kuliko mwili, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaotengeneza mvinyo wa choya. Choya wananunua kavu kutoka Mikese, wanachemsha, wanatia sukari na hamira, wanaacha kwenye mapipa ya plastiki mpaka ichemke yenyewe na kutulia. Siku moja akamletea mzee mgeni wa mtaa kikombe cha kumkaribisha. Kasimiri alikunywa funda moja, akakohoa mpaka akapiga magoti. Chausiku akadhani amemuua. Alipotulia, mzee akamuuliza, "Mama, humu umetia kiberiti?" Wakaenda kukagua, kumbe aliyepewa kazi ya kutia dawa alipima kwa kijiko cha kupakulia mboga.

Tangu hapo ikawa kila Jumamosi. Chausiku na wenzake, na watengenezaji wengine kutoka Bigwa na Kichangani, wanakuja na chupa zao. Kasimiri anapanga vikombe sita kwenye meza, anatoa benchi, anatandika mkeka. Chupa zenyewe zilikuwa zinamalizika kupimwa nusu saa. Lakini watu walikuwa wanakaa mpaka jua linazama. Wanamenya karanga. Wanasengenya. Chausiku akichoka kusubiri anashika fagio anamfagilia uwanja, huku anamtukana kwamba anaishi kama fisi. Mzee anaitikia, "Fisi hana friji." Wanacheka. Na mimi huku upande wangu nacheka na tairi mkononi.

Jumapili mpaka Ijumaa, hakuna mtu. Narudia, hakuna. Nilikuwa nasikia redio, kikohozi, na friji.

Basi, akaja Furaha. Binti wa chuo, mwembamba, miwani, begi kubwa kuliko mgongo. Alikuwa anafanya utafiti wake wa kupima dawa kwenye mvinyo, akasikia kuna mzee Mwembesongo anayepima bure. Alikuja Jumamosi moja, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Kwenu mnaitana babu na mtu ambaye bado anaoa?"

"Samahani, mzee."

"Mzee sawa. Kaa. Una chupa?"

"Nina mashine."

Akatoa kidude kidogo, ukikiona utadhani ni kile cha hospitali cha kupimia sukari. Na vijiti vyake vyembamba ndani ya boksi la barafu. Watu wote wakavuta benchi karibu. Mimi nikaacha kuchungulia, nikazunguka mlangoni kama mtu mwenye heshima zake.

"Hiki ni kihisi," Furaha akasema. "Kwenye ncha ya kijiti tumepaka kimeng'enya. Ni kitu chenye asili ya uhai, hata kwenye ini lako kimo, kinafanya kazi kila siku. Ukidondoshea mvinyo, kimeng'enya kinaitafuna ile dawa, unatoka umeme kidogo sana, mashine inausoma na kuandika namba."

"Kwa hiyo kina ini," Kasimiri akasema.

"Tuseme hivyo."

"Na kifua?"

"Kifua hakina."

"Basi hakikohoi. Sasa siku kikiumwa mtajuaje?"

Watu wakaangua kicheko. Furaha naye akacheka. Alisema vijiti vikikaa kwenye baridi haviumwi, kinachoviua ni joto, akasogea kwenye meza.

Wakashindana. Chupa nne. Kasimiri kwanza, mashine baadaye, na Furaha anaandika kwenye daftari. Chupa ya kwanza mzee akasema kimoja, mashine ikasema thelathini na nane. Ya pili akasema viwili, mashine ikasema tisini na mbili. Ya tatu alikohoa, na mashine ikaonyesha mia na themanini. Ya nne akanusa mara mbili, akasema, "Hii haina kitu. Wahini kuiuza kabla haijawa siki." Mashine ikaandika nne.

Tulipiga makofi kama uwanja wa mpira. Chausiku alimbeba mzee mabegani nusu, akamwachia kwa sababu anacheka. Ilikuwa Jumamosi bora kuliko zote, na hakuna aliyejua kwamba ndiyo ya mwisho.

Kwa sababu Furaha, alipofunga daftari, alisema jambo la kweli kabisa. "Mzee Kasimiri, ile chupa ya tatu midomo yako imebadilika rangi. Hii si kazi ya kukifanyisha kifua cha mtu. Iko siku hutaamka."

Akina mama wakatazamana. Ni wema, ndiyo shida. Wangekuwa watu wabaya wangeendelea kumtumia. Chausiku akasema, "Kweli jamani, tunamuua baba wa watu." Ikaamuliwa pale pale. Furaha ataacha mashine moja kwa kikundi, majaribio ya miezi sita. Vijiti vinataka friji, na kikundi hakina friji. Nani mwenye friji?

Macho yote yakaenda kwa mzee. Akasema, "Nilikuwa mashine, sasa nimekuwa kabati." Watu wakacheka tena. Yeye hakucheka sana.

Huo ukawa utaratibu. Boksi la vijiti likakaa kwenye friji la Pelagia, rafu ya kati, mahali zilipokuwa zinakaa barafu za ukwaju. Mwenye shida ya kupima anakuja, anagonga dirishani.

"Hodi, mzee Kasi. Naomba vijiti viwili."

"Karibu ukae, chai ipo."

"Nina haraka, baba, nimeacha pipa wazi."

Mwezi ule mapipa yote ya Morogoro yalikuwa wazi. Mwingine anasema chai safari ijayo. Mwingine hata dirisha hamalizii, anapokea vijiti huku miguu imeshageuka. Chausiku yeye alikuwa anakuja Ijumaa, anachukua vya wiki nzima kwa mkupuo, ili asimsumbue mzee. Alisema hivyo kabisa, mimi nilisikia. "Sitaki kukusumbua, baba."

Nisiwafiche, nilikuwa naona mambo juu ya ule ua. Jumamosi Kasimiri aliendelea kutoa meza. Anapanga vikombe sita, anavifunika kifudifudi visiingie vumbi. Anakaa. Jioni anavikusanya na kuviosha vyote sita, vikiwa safi vile vile. Katikati ya wiki akaanza kuniletea baiskeli yake.

"Halidi, breki inalia."

Naizungusha. Breki kimya kama kaburi. "Inalia wapi?"

"Ikifika kwako inaona aibu."

Naipaka mafuta. Anakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, ananitazama. Mimi nina kazi za watu, naitikia "ee," naitikia "kweli," basi. Baadaye anaondoka na baiskeli anaisukuma, hata haipandi. Wiki ile ile breki inalia tena.

Sasa ikaingia Februari. Joto la Mwembesongo mwezi huo, chini ya mabati yasiyo na dari, kuku wanakaa kivulini midomo wazi. Siku moja, ilikuwa Jumanne, nimekaa nazibua vali, nikahisi kuna kitu kimepungua duniani. Nikasikiliza. Friji. Halingurumi.

Nikachungulia. Kasimiri amekaa mlangoni, na nyuma yake ndani naona mlango wa friji uko wazi, umezuiwa na kigoda.

"Mzee, friji limekufa?"

"Limepumzika."

"Mbona umeme upo?"

Akanitazama muda. "Halidi, wewe ni fundi baiskeli."

Nikashuka nikaendelea na vali yangu. Hapo ndipo na mimi niliposhiriki, msije mkasema namsema mtu peke yake. Nilijua vijiti vimo humo, nilisikia na masikio yangu kwamba joto linaviua. Nikanyamaza, kwa sababu lile jicho lake halikuwa la ubishi. Lilikuwa jicho la mtu anayekuomba usiulize.

Alivyowaza yeye, alivyonieleza baadaye, ilikuwa rahisi tu. Simu ikiishiwa chaji inazima, redio betri zikiisha inanyamaza. Basi vijiti vikifa, mashine itazima. Akina mama watahangaika nayo, wataitikisa, watakata tamaa, na Jumamosi watarudi na chupa zao. Hakutaka mtu adhurike. Alitaka mashine inyamaze tu. Alhamisi jioni akaliwasha friji tena, akafunga mlango, akaliacha lingurume.

Kosa lake ni kwamba kile kidude hakinyamazi. Kijiti chenye kimeng'enya kilichokufa bado kinatoa namba, ila namba ndogo. Hakisemi "nimekufa." Kinasema "mvinyo huu dawa hamna."

Ijumaa Chausiku akachukua vijiti vyake. Furaha alikuwa amesafiri, yuko Dar. Kikundi kilikuwa na mapipa mawili ya mvinyo mpya, ule ambao wiki iliyofuata wangeufungua mbele ya watu, wenye baa na wenye maduka wamealikwa, waonje waamue kama watauchukua. Chausiku akapima. Mashine ikasema kumi na moja. Akashangaa, maana dawa ametia yeye mwenyewe kwa mkono wake. Akasema unga wa safari hii hauna nguvu, akaongeza. Akapima. Kumi na tatu. Akamsema Natwarlal maneno mabaya, akaongeza tena. Ilipofika kumi na tisa akachoka, akafunga mapipa.

Jumamosi Kasimiri alisubiri. Vikombe sita mezani. Saa kumi akamwona Chausiku anakuja kweli, mikono mitupu, uso umejaa furaha.

"Shikamoo baba. Nimekuja kukualika. Wiki ijayo tunafungua mvinyo kwangu. Safari hii huna kazi kabisa. Utakaa mbele, utakunywa kama watu."

"Na mashine?"

"Mashine nzuri tu, haina neno. Nakimbia, nina viti vya kutafuta."

Mzee akafahamu kwamba vijiti ni vigumu kuliko alivyodhani. Aliona aibu kidogo, na akafurahi sana. Akaja kwangu bila baiskeli. "Halidi, nimealikwa. Si kupima. Nimealikwa tu." Alilitamka hilo neno kama mtu anayeonja sukari.

Siku ilipofika alivaa koti la Mgeta. Februari! Jasho linamtiririka, na koti amelifunga vifungo vyote. Nilimwambia watu wataogopa kwamba theluji inakuja, akasema ndilo koti alilofungia ndoa.

Uwanja wa Chausiku ulikuwa umepambwa, viti vya kukodi, kitambaa cheupe mezani, watu kama hamsini. Furaha amerudi, amesimama kando ya meza na kile kidude mbele yake, amevaa gauni. Kasimiri akawekwa kiti cha mbele. Mimi viti viwili pembeni, na soda yangu. Watu wakamiminiwa vikombe, lakini hakuna anayegusa. Kwetu mwenye kilevi anatangulia kunywa, wageni waone hamna sumu wala mkono wa mtu. Baada yake anakunywa mzee aliyepewa heshima. Ndipo wengine.

Chausiku akanyanyua kikombe, akapiga funda, macho yakamjaa machozi. Akasema ni ya furaha. Watu wakapiga vigelegele. Akajaza kikombe kingine, akampelekea Kasimiri kwa mikono miwili.

Kasimiri akakipokea. Akakileta puani, kwa mazoea tu, na hapo nikamwona anasimama ndani ya mwili wake. Mkono ukabaki hewani. Akatazama mapipa. Akamtazama Furaha, na Furaha, masikini, akamtabasamia. Akatazama watu hamsini wenye vikombe mkononi, wanamsubiri yeye anywe ili nao wanywe. Kwenye watu hamsini huwezi kukosa wengine wenye kifua kama chake.

Kwa nini alikunywa mpaka leo sijui. Angeweza kukiweka chini. Labda kukataa kikombe cha Chausiku mbele za watu kulimshinda. Alipiga funda moja.

Sijawahi kusikia kikohozi kama kile. Kiti kilianguka, yeye akafuata. Nikamrukia, nikapekua lile koti, mifuko minne, nikapata kipampu chake cha pumu kwenye mfuko wa ndani pamoja na picha ya ndoa. Nikampulizia. Mara mbili. Mara tatu. Chausiku anapiga kelele, "Wekeni vikombe chini! Wote! Asinywe mtu!"

Pumzi ikaanza kurudi, nyembamba kama mluzi. Kuna mtu nyuma, hawakosekani, akauliza, "Viberiti vingapi, mzee?"

Kasimiri akanyanyua mkono. Vidole vitano.

Halafu watu wakaanza kucheka, wakaanza kupiga makofi, wakasimama. "Mashine kwisha!" mmoja akasema. "Kifua cha mzee ndiyo mashine!" Chausiku alikuwa amepiga magoti pembeni yake, anamfuta jasho kwa khanga, analia. "Tumekukosea, baba. Tumekuacha tukafuata kidude. Jumamosi tunarudi kwako, wote, tutakuja tu tukae."

Kila alichokitaka, chote, kimewekwa kwenye kiganja chake. Afunge mdomo tu.

Kule mezani Furaha alikuwa anarudisha kidude kwenye begi, hatazami mtu. Anavuta zipu na zipu haiendi, anavuta tena.

"Chausiku," Kasimiri akasema. Sauti haisikiki. "Inuka. Mashine haina kosa. Mimi nilizima friji."

"Nini?"

"Friji. Wiki ile ya joto. Siku nne, na mlango wazi. Vijiti vimekufa."

Chausiku akamtazama. Ni mama mwenye akili, na nilimwona anamtafutia mlango wa kutokea. "Ulisahau, baba. Si umeme ulikatika? Wiki ile ulikuwa unakatika katika."

"Haukukatika. Wala sikusahau."

"Sasa kwa nini?"

Mzee akavuta pumzi.

"Mlikuwa hamkai," akasema.

Hakuna aliyecheka. Chausiku akainuka taratibu, akakichukua kile kikombe, akakimwaga chini ya mpapai, akaanza kukusanya vya wengine kimoja kimoja. Hakutukana. Heri angetukana, Chausiku akitukana kesho yake amesahau. Furaha akaenda kunong'ona naye, akamwambia mvinyo haujapotea, watauchanganya na ule ambao haujatiwa dawa mpaka namba ishuke. Wageni wakapewa soda. Mimi nikamrudisha mzee nyumbani, koti nimelibeba mimi.

Baada ya hapo vijiti vikahamishiwa kwenye friji la duka moja la soda. Dirishani hakugonga mtu tena. Chausiku akipita njiani anasema shikamoo, mzee anajibu marahaba, na miguu ya Chausiku haipunguzi mwendo. Jumamosi ya kwanza mzee hakutoa meza. Ya pili vile vile. Friji lilikuwa linanguruma usiku na mchana na ndani hamna kitu, nilihakikisha mwenyewe.

"Linapoza nini hili, mzee?"

"Halipozi. Linaongea tu."

Siku hizo nilikuwa napitisha baiskeli zangu kwake kuzitengenezea kule, nikisema kwangu jua kali. Yeye ananishikia tairi. Lakini mimi nina watoto wa kulisha na futari ya kutafuta, maana Ramadhani ilikuwa imeingia. Saa kumi naondoka. Na yeye alikuwa anajua saa kumi inakuja, anaanza kunyamaza tangu saa tisa.

Jumamosi ya nne, nimeshafunga vifaa, nikamwona Furaha anaingia na lile begi. Kasimiri akasimama haraka mpaka akashika ukuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuharibia kazi yako, mwanangu. Nisamehe."

"Nimekuja kwa hilo hilo." Akatoa daftari. "Vile vijiti vilivyobaki nimevipima. Kumbe sikuwahi kupima vinachukua muda gani kufa kwenye joto la nyumba ya mtu. Huko chuoni ninavijaribu kwa joto la mashine, sio la chini ya bati. Nahitaji nijue. Vilikaa nje ya baridi tangu lini mpaka lini, saa ngapi ulifungua mlango, jua lilikuwa upande gani. Kila kitu unachokumbuka. Nitakaa dakika kumi tu, nina gari la kuwahi."

Kasimiri aliingia ndani, akatoa meza. Akatoa benchi. Akaleta vikombe, viwili tu, akavipanga. Akaweka maji ya chai jikoni, akarudi, akaketi, akaweka mikono magotini.

"Ilianza Jumatatu," akasema. "Lakini ili uelewe Jumatatu, lazima nikuanzie Jumapili, maana Jumapili nilitoka kanisani nikapita njia ya mtoni..."

Nikaenda zangu kuwahi futari. Nikafungua, nikaswali, nikakumbuka spana nimeisahau kwake. Nikachungulia juu ya ua. Giza linaingia, chai imeshapoa, Furaha bado ana kalamu mkononi. Mzee anamwonyesha kwa kidole jua lilipokuwa, na kwa nilivyosikia, alikuwa ndiyo kwanza anaingia Jumanne asubuhi.

Furaha akatazama saa yake. Akalivua begi mgongoni, akaliweka chini, akafungua ukurasa mwingine.

Spana nikaiacha.